Mito ya Usufi Katika Nyumba ya Eda

Selemani alinikuta Nachingwea, kwenye harusi ya binti wa jirani yangu, nimekaa pembeni ya turubai na sahani ya pilau mapajani. Amezeeka vizuri: ndevu kazitia hina, tumbo la mtu asiyelala njaa, na sauti ile ile ya kuuliza huku ameshaanza kukasirika. Tulisalimiana, tukaulizana habari za afya na za korosho, tukawataja waliotangulia mbele ya haki, mama yake akiwa mmoja wao, na muda wote huo nilimwona analizunguka neno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akalitoa. "Dada Tausi," akasema, "wewe ulikuwamo mle ndani. Nguo za mjomba wangu zilikwenda wapi?" Mtu ana wajukuu wanaosoma sekondari, ana mikorosho mpaka macho yanachoka kuitazama, na bado anauliza habari za kanzu moja na koti moja. Nilimwambia ale, pilau inapoa. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Msichana ninayemfundisha akiniambia uzi umekwisha, natazama kwanza chini ya kiti alichokalia. Kwa hiyo nilishuku kwamba Selemani hakutaka jibu, alitaka tu kujua kama jibu ninalo. Niliondoka kabla bwana harusi hajaingia, nikaenda kukaa karibu na cherehani changu bila kushona chochote, nikauwaza mwaka ule wa Ruangwa. Ndio mwaka ulionipa kazi inayonilisha hadi leo, na ndio ulionizoeza kumtazama mikono mtu anayenitendea wema.

Nilipelekwa Ruangwa ufuta ulipokwisha kuvunwa, nikiwa nimemaliza shule na nimekaa kijijini kwetu Kiegei kwa miezi bila la kufanya. Bi Zubeda, fundi wa nguo, alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Bakari, aliyekuwa akinunua ufuta kwa wakulima wa Chinongwe na vijiji vya jirani. Sasa mjane amekaa eda, hatoki nje ya nyumba yake mpaka miezi minne na siku kumi itimie, na alihitaji msichana wa kumchotea maji na kumwendea sokoni. Malipo yangu yalikuwa kufundishwa cherehani. Nilitegemea kufunguliwa mlango na mjane. Aliyenifungulia alikuwa wifi yake, Bi Hadija, dada mkubwa wa marehemu na mama yake Selemani, mwanamke mrefu mwenye macho ya kupimia watu, aliyehamia pale tangu siku ya tatu ya msiba ili, kwa maneno yake mwenyewe, asimwache wifi yake peke yake. Alinitazama miguu kwanza. Aliuliza nimetumwa na nani, nimekula kwa nani njiani, na begini nina nini, na kabla sijajibu hilo la mwisho alikuwa ameshalifungua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akikunjua gauni langu na kulitikisa, kana kwamba kuna mtu amejificha ndani. Kila mtu mtaani alimwita Shangazi, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa kubwa na tupu namna ya kutia huzuni. Palikuwa na viti vya mbao vya mvule visivyo na mito, vinavyouma mifupa, kipande cha gunia kilichopigiliwa misumari dirishani badala ya pazia, na sakafu ya saruji iliyopasuka katikati. Cherehani cha miguu kilikuwa kimeingizwa ndani kutoka barazani na kuwekwa chini ya dirisha, na wateja walipitishia vitambaa vyao pale, juu ya gunia. Katika chumba cha kushoto alilala Shangazi, na humo ndimo lilimokuwa sanduku la bati la marehemu, limefungwa kufuli. Ufunguo aliufunga Shangazi kwenye pindo la khanga yake. Tulikula sinia moja sisi watatu, ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, na sijapata kuona chakula kinavyoweza kupoa katikati ya watu wenye njaa. Shangazi hakunyoosha mkono mpaka Bi Zubeda amenyoosha. Bi Zubeda naye alingoja nitangulie mimi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na tumbo la umri huo, basi nilikula, na wote wawili wakanitazama nikimeza. Baada ya siku chache niliacha kuogopa, lakini mazoea ya kuonja na kusubiri kidogo sijayaacha.

Somo langu la kwanza lilikuwa kushona bila uzi. Bi Zubeda alichana mfuko wa saruji, akachora mistari kwa chaki kwenye karatasi yake, akaniambia niifuate kwa sindano tupu. Sindano ilikwenda inakotaka. Miguu yangu ilikanyaga mbele, gurudumu likarudi nyuma, karatasi ikachanika, na yeye aliyekuwa mwenye huzuni alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema ninashona kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mistari iliponyooka alinipa uzi. Nikashona mapindo, kisha foronya, kisha vitambaa vya makochi vya mabaki ya vitenge. Bi Zubeda hakuwa mtu wa kutupa. Alisema kitambaa hakifi, kinahama. Khanga iliyochakaa katikati tuliikata tukatoa mapindo yake mazima, tukayazungushia magunia ya korosho yaliyofumuliwa, kufuliwa na kutiwa rangi, yakawa mazulia ya sakafuni na ule ufa wa saruji ukafichika. Dumu la mafuta ya kula tulilikata shingo, tukalivisha kitenge, nikapanda ua ndani yake. Mianzi niliyoiokota nyuma ya soko ikawa fimbo za mapazia. Nilikuwa nimelelewa nikidhani nyumba nzuri ni ya watu wenye pesa, na sasa nikaanza kuona chumba kinabadilika mikononi mwangu kwa vitu ambavyo wengine wangewashia moto. Nilifurahi mno, niseme ukweli, na pengine furaha hiyo ndiyo iliyonichelewesha kuona mengine.

Pazia la kwanza nililotaka kulishona kwa akili yangu mwenyewe liliniponza. Nilitumwa dukani kuchagua kitambaa rahisi, chepesi, kinachopitisha mwanga. Nikachagua bafta nyeupe, safi, nikarudi nimeikumbatia kifuani na furaha zangu. Shangazi alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini taratibu, akauliza humu ndani anayetegemewa kufa ni nani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bafta ni kitambaa cha sanda, na kwamba nilikuwa nimekiingiza katika nyumba ya mjane kikiwa kimekunjwa vile vile kinavyokunjwa siku ya msiba. Bi Zubeda alisema mtoto amekosea tu, kirudishwe dukani. Mwenye duka akakataa kukipokea, akaniambia bafta ikishaingia nyumbani kwa mtu hairudi dukani, maana anayefuata kuinunua atauliza ilitoka wapi. Ilibidi niipeleke msikitini ikawekwe akiba kwa ajili ya watakaofariki mbele. Tangu siku ile Shangazi akawa anashika kila kitambaa kinachoingia, anakisugua kwa vidole viwili, anakinusa, ndipo anakiachia.

Siku moja aliniita uani nimsaidie kubangua korosho za kuweka kwenye kisamvu. Alisema mimi ni mtoto mwenye macho, na mwenye macho asikae nayo bure. Alitaka nimletee kipande kidogo cha kila kitambaa ambacho Bi Zubeda anakikata. Nikamuuliza cha kazi gani. Akasema fundi wa nguo hakosi mkono mrefu, vitambaa vya wateja vinapungua mtu haoni, na hataki nyumba ya ndugu yake iitwe nyumba ya wezi. Ilikuwa sababu nzuri, na kwa kuwa ilikuwa nzuri sana niliishuku. Kisha akanieleza mambo ya ukoo wao, huku akipasua maganda bila kutazama mikono yake. Siku Bi Zubeda atakapotoka eda, wazee watakuja. Sanduku litafunguliwa, zitatolewa kanzu na koti la kijivu na kofia ya marehemu, nguo zilizopata jasho lake, naye Selemani, mtoto wa dada, atavishwa mbele ya watu na kuitwa Bakari. Akishaitwa Bakari, nyumba ya Bakari ni yake, cherehani ni chake, na mjane, kama hana neno, ni wake pia. Nikauliza, na kama ana neno?

"Mjane ana neno gani?" akasema Shangazi. "Mimi nilivishiwa mtu. Kanzu ile ile niliyomfulia wa kwanza, nikamfulia wa pili, mpaka ikachakaa mwilini mwake. Na nilikuwa na neno."

Alilisema kwa sauti moja, kama mtu anayetaja bei ya mihogo, na mimi kwa utoto wangu nikadhani anajisifu kwa uvumilivu. Sheikh angeulizwa pengine angesema vingine, lakini sheikh hakuitwa kwenye mambo ya sanduku; yeye aliitwa kusoma hitima akapewa wali. Nilimwonea huruma Bi Zubeda, lakini huruma ya mbali, maana nilikuwa sijajua nimekaa ndani ya jambo hilo hilo mpaka kiunoni. Nilimletea Shangazi vipande. Cha kitenge, cha sare ya shule, cha gauni la mteja mmoja mnene aliyekuwa akilalamika kila kitu kinambana. Na kimoja cha kijivu, kizito, kitambaa cha kiume. Vingine vyote alivitupa jalalani. Hicho cha kijivu alikitazama kwa muda, akakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na ufunguo, akaendelea na korosho zake.

Tulikuwa tumeanza mito. Usufi ulikuwa mwingi, nilikwenda kuuokota chini ya misufi karibu na njia ya kisimani, nikauchambua mbegu mpaka puani nikawa na pamba. Bi Zubeda alitaka mito ya viti vyote vya sebule, miwili miwili, ya viraka vilivyounganishwa, uso mmoja wa rangi za vitenge na mgongo wa kitambaa kigumu. Kitambaa hicho kigumu ndicho kilichoniingiza mashaka. Nilipouliza kinatoka wapi alisema mitumba. Lakini yeye alikuwa hatoki, na aliyekwenda sokoni nilikuwa mimi, na mimi sikununua mitumba. Kila nilipoamka nilikuta vipande vimeshakatwa na kupangwa kwenye kikapu, mishono yake ya zamani imeshafumuliwa, tena kwa mkono mzuri sana. Vilinukia karafuu kidogo na tumbaku kidogo. Nilianza kuwaza mambo ambayo msichana wa Kiegei huwaza: kwamba nguo iliyovaliwa na mtu huenda kwa mganga ikafanyiwa mambo, kwamba huenda Bi Zubeda ananifundisha kushona dawa, kwamba siku moja nitakuta kipande cha gauni langu ndani ya kikapu kile. Nikaanza kulala nimevaa gauni langu zuri. Nacheka sasa, wakati ule sikucheka.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nikiunganisha kipande chenye mfuko. Mfuko wa koti, wa pembeni, wenye kile kifuniko chake cha kitambaa. Niliona ni mapambo, nikauacha ulivyo, nikaugeuza ili nipitishe pindo, na ufuta ukamwagika mapajani kwangu. Punje nyeupe, kavu, zilizokaa kwenye kona ya mfuko kwa muda mrefu. Nilizitazama punje zile na nikajua. Katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu ambaye maisha yake yote alikuwa akichovya mkono kwenye magunia ya watu, anachota ufuta, anautafuna, na uliobaki anautia mfukoni. Shangazi alikuwa kisimani. Nilishusha sauti yangu hata hivyo.

"Mama," nikamwambia Bi Zubeda, "hili ni koti lake."

Hakushtuka. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, akaumalizia kuutunga. Aliniambia alizitoa nguo sandukuni siku ile ile ya mazishi, watu walipokwenda makaburini, kabla hawajarudi kufunga kufuli. Ndani alijaza shuka kuukuu na matambara. Kanzu alikuwa ameshaikata, imo kwenye mito ya viti vya upande wa ukutani. Kofia ilikuwa ndani kabisa ya mto mmoja, katikati ya usufi. Nikamuuliza kwa nini hakuzichoma tu, au hakuzifukia.

"Moshi unaonekana, na shimo linaonekana," akasema. "Na mimi siwezi kumchoma Bakari. Nikimshona ndani ya mto, yumo humu ndani na mimi. Lakini Selemani? Kaptula zake za shule nilimshonea mimi, Tausi. Nilikuwa namfuta kamasi. Leo nimtandikie kitanda?"

Nilimpenda mwanamke yule saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu, na kwa sababu hiyo niliogopa, nikamweleza palepale kwamba kipande cha kijivu nilimpa wifi yake, kwamba kimefungwa kwenye pindo la khanga. Mkono wake ukasimama juu ya gurudumu. Tukasikia ndoo ya Shangazi ikitua uani. "Basi anajua," akasema taratibu. "Tungoje aseme." Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi wawili tukakaa tunasubiri kuumwa.

Hakusema. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Wiki zikapita, mikorosho ikaisha kutoa maua, mabibo yakaanza kuanguka na harufu yake tamu ikajaa mji mzima, na Shangazi hakusema neno. Alisifu mito. Aliuliza usufi unatosha au nikaongeze. Alichagua mto mmoja wa kuegemea mgongo, na ulikuwa wa koti, akakaa nao mchana kutwa akichambua mboga, na kila alipojisogeza mimi na Bi Zubeda tulitazamana. Chakula kilizidi kupoa siniani. Nilimshuku kwamba anasubiri siku yenyewe ili amwaibishe wifi yake mbele ya wazee wote, maana aibu ya watu wawili ni ndogo na aibu ya watu wengi haifutiki. Bi Zubeda alishuku hivyo hivyo. Kuna siku alinifungia nguo zangu begini akaniambia nirudi Kiegei mapema, yasije yakanipata mimi. Nikakataa. Nilimwambia mapazia hayajaisha, na kweli yalikuwa hayajaisha, ingawa hiyo haikuwa sababu.

Selemani alikuja mara kwa mara na baiskeli kumwona mama yake. Siku moja nilikuwa juu ya kiti nikipachika mwanzi wa pazia, nao wako uani chini ya dirisha. Nilimsikia akisema cherehani kile atakiuza, msimu unaokuja anunue salfa ya kupulizia mikorosho, na nyumba atawapangisha walimu. Mama yake akamuuliza, na mwanamke je? Selemani akasema mwanamke atakwenda huko kwake Narung'ombe akasaidiane na mke mkubwa shambani, ana mikono yenye nguvu. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayepanga magunia, na mimi pale juu nilitamani mwanzi uniponyoke umwangukie. Nilingoja nisikie Shangazi atajibu nini. Alimwambia tu, "Ngoja siku ifike," kisha akamuuliza kama amekula.

Siku ikafika. Bi Zubeda alioga, akavaa khanga mpya, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba chake, mikono mapajani. Sebule ilikuwa imependeza mpaka nikaona haya kuifurahia: mapazia ya vitenge vya viraka, mazulia ya magunia, maua kwenye dumu, na mito kila kiti. Wazee waliingia wakiongozwa na Mzee Chilumba, mkubwa wa ukoo, mtu mfupi mwenye fimbo na kikohozi. Waliketi. Mzee Chilumba alijiegemeza kwenye kanzu ya marehemu, akasema viti vya nyumba hii zamani vilikuwa vinaadhibu watu, leo vimetubu. Watu wakacheka. Selemani alikaa katikati, ameoga, amevaa fulana na kikoi tu, tayari kuvishwa. Mimi nilisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Vijana wakalitoa sanduku chumbani, wakaliweka sakafuni, juu ya zulia langu.

Shangazi akafungua pindo la khanga. Nilikiona kipande cha kijivu. Kilitoka pamoja na ufunguo, akakikunja ndani ya kiganja. Akapiga magoti, akafungua kufuli, akainua kifuniko. Mzee Chilumba akainama mbele, akavuta shuka kuukuu, akavuta tambara, akavuta tambara lingine. Alipofika chini kabisa alibaki ameshika tambara mkononi. Selemani alisimama, akasema mwanamke huyu ameiba nguo za marehemu, na nyumba yenyewe ipekuliwe sasa hivi. Mzee Chilumba akamgeukia Bi Zubeda, akamuuliza kwa upole, upole unaotisha kuliko ukali, nguo za mumewe ziko wapi. Bi Zubeda akafungua mdomo. Nilijua angesema kweli, alikuwa amechoka.

"Msimuulize huyo," akasema Shangazi. Alikuwa bado amepiga magoti. "Ufunguo ninao mimi. Nguo nimezitoa mimi."

Selemani akasema, "Mama?" Shangazi hakumtazama. Alimwambia Mzee Chilumba kwamba alimuota ndugu yake siku ya Ijumaa, amesimama mlangoni, anamwambia nguo zake zitolewe sadaka, hataki zivaliwe na mtu wa ukoo. Akazitoa. Mzee Chilumba akauliza, kwa nani? Akasema kwa wapita njia, na sadaka haitangazwi. Wazee walitazamana. Mtu aliyeota ndugu yake wa tumbo moja utambishia vipi? Mmoja akapendekeza inunuliwe kanzu mpya dukani, kijana avishwe hiyo. Mzee Chilumba akapiga fimbo chini: ya dukani ni ya dukani, haina jasho la mtu, na jina haliingii kwenye nguo isiyojua mwili. Kisha akasema basi, nyumba ikae na aliyemo ndani yake, na chakula kiletwe. Nikazungusha birika. Selemani alitoka bila kunawa, nikasikia baiskeli yake ikigonga ngazi za baraza.

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa na nguo ya mtu mkononi. Nimemshuku Shangazi kwa kila namna. Nimewahi kudhani alimkinga mwanawe, asije akachukua mjane aliyemzidi umri na kuzozana na mke wake wa kwanza. Nimewahi kudhani aliona mapema kwamba mwanawe atauza kila kitu na jina la Bakari liishie kwenye salfa. Nimewahi hata kudhani kwamba aliota kweli. Mtu aliyetupekua mabegi, aliyetunusia vitambaa, aliyetufanya tule ugali wa baridi miezi yote ile, vipi ageuke mbele ya ukoo wake na kumkosesha mwanawe jina na nyumba? Bi Zubeda alishona katika nyumba ile mpaka mauti yalipomfika, nami nilibaki naye hadi ufuta wa mwaka uliofuata ulipovunwa, na hatukuwahi kumuuliza. Unamuuliza nini mtu aliyekutoa shimoni? Unashukuru, na unaendelea kumtazama mikono.

Lakini jioni ile ile, wazee walipokwisha kwenda na Bi Zubeda amelala kwa uchovu, Shangazi alikuja na mto alioegemea Mzee Chilumba wakati wa kula, alipohamia kiti cha karibu na sinia. Aliuweka kwenye cherehani mbele yangu, akaugeuza nyuma. Mfuko wa koti ulikuwa pale, na kifuniko chake, wazi kabisa kwa mtu yeyote mwenye macho. Nilikuwa nimeuacha ulivyo, eti ni mapambo.

"Unaonekana," akasema. "Fumua."

Nikachukua wembe. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akakusanya usufi uliomwagika mapajani kwake asiache unyoya. Nilifumua, nikageuza kile kipande mfuko ukaingia ndani, nikaanza kushona, na mstari ukapinda kama ule wa siku ya kwanza. Hakunikemea. Alikuwa akiitazama sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa cha ndugu yake.

"Mimi kanzu ile hakuna aliyenikatia," akasema. Kisha akanisogezea mto. "Shona mara mbili."